Thaimoli kwenye shira ya nyuki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Aliyewahi kupika kaimati anaijua shira. Ya kuwalishia nyuki ni sukari na maji vilevile, ila sheria zake ni nyingine, na mafundi wa jikoni ndio hukosea zaidi. Siku hizi limeongezeka neno jipya, thaimoli. Wengine wanaisikia kama dawa ya kila ugonjwa, wengine kama sumu. Nimeyakusanya hapa maswali ninayoulizwa mara nyingi na wafugaji, wa huku nyumbani na walioko Uingereza.

Thaimoli ni nini hasa?

Ni chembechembe nyeupe, kama chumvi ya mawe iliyosagwa nusunusu, zenye harufu kali ya thaimu, lile jani la viungo. Kwa asili hupatikana katika mafuta ya thaimu na ya mbegu za ajwaini. Zinazouzwa dukani kwa wingi zimetengenezwa kiwandani, lakini kemia yake ni hiyohiyo. Kwenye kopo utaona limeandikwa thymol. Huyeyuka zikipata joto la nyuzi 50 hivi, na huua ukungu na hamira kwa kipimo kidogo sana. Kama umewahi kusukutua mdomo kwa Listerine, ladha yake unaijua tayari.

Kwa nini itiwe kwenye shira?

Ili shira isichache. Asali iliyoiva ina maji chini ya asilimia 20, ndiyo maana hukaa miaka bila kuharibika. Shira nzito ina maji asilimia 33, nyepesi asilimia 50. Hapo hamira imepata karamu. Ikichacha, nyuki wanaoinywa huhara, na mara nyingi hawainywi kabisa. Thaimoli kidogo huizuia hamira na ule ukungu mweusi unaotanda kwenye kingo za kilishio.

Hiyo ndiyo kazi yake: kuhifadhi. Mengine yote yanayosemwa juu yake yaje baada ya hilo.

Nani aliyeanza jambo hili?

Jina linalotajwa daima ni la Mwingereza, R. O. B. Manley, mfugaji wa kibiashara wa Oxfordshire. Fremu za Manley, zile mbao za kushikia masega zinazobanana zenyewe kwenye sanduku la asali, zimepewa jina lake. Katika miaka ya 1940 alikuwa akieneza matumizi ya thaimoli katika shira ya kuwalishia nyuki kabla ya baridi. Kule mfugaji anachukua asali mwishoni mwa kiangazi, kisha anawarudishia nyuki chakula kwa kilo nyingi mfululizo, na chakula hicho lazima kikae kwenye masega miezi mitano au sita. Wakilishwa kwa kuchelewa, hawapati joto la kukausha shira na kuiziba kwa nta. Ile isiyozibwa huchacha ndani ya mzinga katikati ya baridi, wakati nyuki hawawezi hata kutoka nje kujisaidia. Tatizo la Manley lilikuwa hilo.

Mimi nafuga Tanzania (au Kenya). Naihitaji kweli?

Mara nyingi, hapana. Najua wengi hawalipendi jibu hili, hasa aliyekwisha kununua kopo.

Nyuki wetu hawalali baridi ya miezi sita. Wakikosa maua hawakai kungoja: wanahama na kukuachia mzinga mtupu. Ukiwalisha, shabaha yako ni kuwashikilia wiki kadhaa za ukame wa maua, au kulisaidia kundi jipya lijenge masega. Kazi hiyo hufanywa na shira kidogokidogo. Ukiweka nusu lita jioni, kundi lenye afya limeimaliza asubuhi. Kitu gani kitachacha hapo? Tengeneza shira ya siku mbili tatu, osha chombo, tengeneza nyingine. Sabuni, maji ya moto na jua vinatosha, na ni rahisi kuliko thaimoli.

Kuna hali ninazokubali kwamba inasaidia. Ya kwanza ni mwenye mizinga mingi, anayechanganya pipa zima na kulizungusha shambani wiki mbili. Ya pili ni kwenye milima yenye ukungu na mvua za kunyesha siku nzima, kama Lushoto, ambako kilishio huota ukungu kabla hakijaisha. Ya tatu ni kundi dogo linalokunywa polepole. Hata hapo, ningemwambia kwanza apunguze kiasi anachoweka.

Tena kuna tahadhari inayotuhusu sisi kuliko Waingereza. Nyuki wa Afrika ni wepesi kukasirika na wepesi kuhama. Mzinga uliopigwa na jua kali, ukiwa na chombo kinachofuka harufu ya thaimoli, ni sababu nyingine ya kuondoka unayowapa bure. Ukitumia, weka mzinga kivulini na usizidishe kipimo hata kidogo.

Shira yenyewe inatengenezwaje?

Nzito, ya kuweka akiba: kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji. Utapata lita 2 na robo hivi. Nyepesi, ya kuchangamsha kundi au kulisaidia kujenga masega: kilo 1 kwa lita 1, utapata kama lita 1.6. Pima vizuri, maana kipimo cha thaimoli hufuata lita za shira iliyokamilika, si lita za maji uliyoanza nayo. Wengi wanateleza hapo.

Chemsha maji, ipua, ndipo umimine sukari na kukoroga mpaka iwe angavu. Usiichemshe shira yenyewe, na usiiache ishike chini ya sufuria, maana sukari iliyoungua huwadhuru nyuki. Ile ya kilo 2 kwa lita inakaribia kikomo cha sukari ambayo maji yanaweza kubeba katika joto la kawaida, kwa hiyo usishangae kuona punje zimerudi chini ya ndoo asubuhi yenye baridi. Pasha kidogo, koroga.

Nitie ndimu isigande?

Usitie. Hapa ndipo kaimati na nyuki wanapoachana. Mpishi hukamulia ndimu kwenye shira ili isirudi kuwa sukari, na hufanya vizuri. Lakini sukari ikipikwa pamoja na asidi, hutengeneza kitu ambacho wataalamu hukiita HMF. Binadamu hatuna shida nacho kwa kiasi hicho, bali nyuki kinawaharibu utumbo na kufupisha maisha yao. Siki, maji ya limau na hamira ya kopo, vyote viache jikoni. Nyuki wana kimeng'enya chao cha kuivunja sukari, tena ndiyo kazi wanayoifanya kila siku na mbochi, maji matamu ya maua.

Sukari guru ni rahisi kuliko sukari nyeupe. Inafaa?

Haifai. Wala ya kahawia. Zina mabaki ambayo nyuki hawawezi kuyameng'enya, nao wanahara. Sukari nyeupe ya kawaida ya dukani, basi.

Na asali ya kununua sokoni?

Asali ya mzinga usioujua inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa majana, yaani watoto wa nyuki. Lisha asali ya mizinga yako mwenyewe tu, tena yenye afya.

Haya, thaimoli inapimwaje?

Kipimo cha kawaida ni takriban miligramu 66 kwa kila lita ya shira. Huwezi kupima miligramu 66 kwa mizani ya jikoni, kwa hiyo tunatengeneza kwanza chupa ya akiba:

- Pima gramu 30 za thaimoli. Mizani ya sonara, ya kupimia dhahabu, inafaa sana.
- Tia kwenye chupa ya kioo yenye alama za mililita, ongeza alkoholi mpaka mchanganyiko ufike mililita 150.
- Funga, tikisa taratibu, iache mpaka chembe zote zipotee.

Sasa kila mililita 1 ina gramu 0.2 za thaimoli. Hesabu ya shambani ikawa nyepesi: mililita 1 kwa lita 3 za shira, au mililita 5 kwa lita 15. Kwa lita 15 za shira nzito utahitaji kilo 13 na kidogo za sukari na maji lita 6.7 hivi. Pima kwa sirinji ya duka la dawa, isiyo na sindano. Kijiko cha chai usikiamini, kila nyumba ina chake.

Mwenye mizinga miwili hana haja ya gramu 30. Gramu 6 zikijazwa alkoholi mpaka mililita 30 zitatoa nguvu ileile, na zitatosha lita 90 za shira.

Tia ikiwa shira imepoa na kuwa vuguvugu, mbali na moto, huku unakoroga kwa nguvu dakika kadhaa. Ukimimina kwenye shira inayofuka mvuke, sehemu ya thaimoli itaruka na mvuke, na alkoholi karibu na jiko inawaka. Nimeona mtu akifanya hivyo juu ya jiko la mkaa. Aliungua nyusi tu.

Kwa nini nisitupie chembe moja kwa moja kwenye ndoo?

Kwa sababu maji hayapendani nazo. Lita nzima ya maji hubeba gramu 1 tu hivi ya thaimoli, na hata hiyo huingia kwa kusuasua. Chembe zitaelea juu, nyuki wa kwanza kufika ataipata dozi ya mizinga kumi, na shira ya chini haitakuwa na kitu. Alkoholi huzimumunya kwanza, kisha zikiingia kwenye shira zinasambaa.

Alkoholi ipi?

Isopropili safi, au ethanoli ya asilimia 95 na kuendelea. Ile spiriti ya rangi ya buluu au zambarau, ya kuwashia jiko, usiiguse: imetiwa sumu makusudi ili isinyweke. Walioko Uingereza waangalie kibandiko cha spiriti ya kujipaka, maana nyingi huwa na mafuta ya nyonyo na manukato mengine.

Kuhusu konyagi, ambayo huulizwa kila mara kwa tabasamu: ina kileo asilimia 35, iliyobaki karibu yote ni maji. Gramu 30 hazitayeyuka humo. Inyweni wenyewe.

Sitaki kutumia alkoholi. Kuna njia nyingine?

Ipo ya lesithini, ile ya soya inayouzwa kama punje za njano kwenye maduka ya vyakula vya afya. Lesithini hushika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mwingine. Unalowesha kijiko kimoja kwenye maji ya moto, unatia thaimoli, kisha unatikisa au kusaga kwa blenda mpaka iwe kama maziwa. Kipimo cha thaimoli hakibadiliki. Tatizo ni kwamba chupa hiyo hujitenga ikikaa, hivyo itikise vizuri kila unapotaka kupima, ama sivyo mililita moja haitakuwa sawa na nyingine. Na hiyo blenda isirudi tena kwenye juisi ya watoto.

Nimetia, nikaona shira imekuwa nyeupe kama maji ya mchele. Nimeharibu?

Weupe wa muda mfupi wakati wa kumimina ni kawaida, koroga utapotea. Vikibaki vipande au matone ya mafuta yanayoelea, shira ilikuwa baridi mno au umezidisha. Ipashe iwe vuguvugu, koroga tena. Visipoondoka, hesabu upya, na ukigundua umetia mara kumi (nukta ya desimali imewaponza wengi), iongezee shira tupu mpaka kipimo kirudi. Kama huwezi kujua ulitia kiasi gani, mwaga mbali na nyuki.

Nyuki hawaigusi. Kwa nini?

Huenda maua yamefunguka, na hakuna nyuki atakayeacha mbochi kwa ajili ya shira yako. Hiyo ni habari njema, ondoa kilishio. Huenda ni baridi. Au ni harufu: kundi lisilowahi kukutana na thaimoli husita siku moja mbili. Dondosha shira kidogo isiyo na kitu kwenye njia ya kuingilia kilishio, wataanza. Wakikataa hata baada ya hapo, amini nyuki na ukague kipimo chako.

Naweza kutumia majani ya thaimu, au mafuta yake ya chupa?

Chai ya majani haidhuru, ila huwezi kujua ina thaimoli kiasi gani, na majani yenyewe yanaongeza uchafu wa kuchachisha. Mafuta hutofautiana chupa kwa chupa, mengine yana thaimoli nyingi, mengine karibu hayana. Ninachopenda katika chembe safi ni kwamba gramu ni gramu.

Inatibu varoa, yule utitiri anayewashambulia nyuki?

Kwa njia ya shira, hapana. Angalia vipimo: sahani moja ya Apiguard, dawa ya varoa inayouzwa kwa wafugaji, ina gramu 12.5 za thaimoli, na huwekwa mbili, moja baada ya nyingine. Dawa hiyo hufanya kazi kwa mvuke unaojaa mzinga mzima, na huhitaji joto la nje la nyuzi 15 au zaidi. Shira yako ina gramu 0.066 kwa lita. Ili ufikie sahani moja ungewanywesha nyuki lita 189.

Varoa alithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na mpaka sasa nyuki wa huku wanaishi naye bila kuanguka kwa makundi kama kulikotokea Ulaya na Marekani. Usiwatie dawa nyuki wanaojitibu.

Na nosema?

Hapa kuna ukweli ndani yake, lakini si wote. Nosema ni kijidudu cha utumbo wa nyuki. Majaribio kadhaa ya kuwalisha nyuki thaimoli kwenye shira, kwa kipimo hikihiki cha miligramu 66, yameonyesha kwamba mbegu za kijidudu hicho hupungua. Wafugaji wa Ulaya waliyashika matokeo hayo kwa mikono miwili, kwa kuwa fumagilini, dawa ya zamani ya nosema, haina idhini katika Umoja wa Ulaya. Lakini kupungua si kupona. Thaimoli haisafishi masega yaliyokwisha chafuliwa, na haiokoi kundi lenye malkia aliyezeeka. Badilisha masega ya zamani, tia malkia mpya, usiwabane nyuki kwenye mzinga wenye unyevu. Na anayeiuza kama dawa ya nosema aingie kwenye sheria za dawa za mifugo za nchi yake.

Asali yangu itanuka dawa?

Ndiyo, ukilisha wakati wa kuvuna. Swali hili linastahili hesabu. Mtu huanza kuisikia thaimoli kwenye asali ikifika kama miligramu 1.1 hadi 1.3 kwa kilo. Uswisi imeweka kikomo cha miligramu 0.8 kwa kilo, yaani chini kidogo ya ulimi kugundua. Shira nzito yenye thaimoli ina karibu miligramu 50 kwa kilo, kama mara arobaini ya hicho unachoweza kuonja. Nyingine itaruka, nyingine itanyonywa na nta, lakini inayobaki inatosha kumfukuza mnunuzi.

Hapa namzungumzia thaimoli tu. Hata bila hiyo, shira iliyoingia kwenye sanduku la asali ni sukari uliyomuuzia mtu kwa bei ya asali. Ondoa masanduku yote ya asali kabla ya kulisha, acha kulisha kabla maua hayajafunguka, na kwenye mzinga wa viunzi vya juu, ambao hauna sanduku la kutenganisha, tia alama kwenye masega yaliyojengwa wakati wa shira usiyavune. Kwenye mzinga wa gogo siwezi kukushauri ulishe thaimoli kabisa, kwa sababu hutajua lipi ni lipi.

Niko Uingereza, nina mizinga miwili. Nilishe lini?

Mara tu baada ya kuchukua asali, Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na umalize kabla ya Oktoba. Kundi huhitaji akiba ya kilo 18 hadi 20 kuvuka baridi, kwa hiyo inua mzinga kwa nyuma uhisi uzito kabla ya kununua sukari. Shira nzito pekee. Baridi ikishaingia hawatachukua shira, hapo unawawekea sukari ya donge laini juu ya fremu. Kama mzingani umeweka sahani za thaimoli za varoa, usiwape na shira yenye thaimoli kwa wakati huohuo, maana harufu inawazidi.

Naiweka wapi shira mzingani?

Ndani, daima. Kilishio cha nje kinalisha nyuki wa kijiji kizima na kuanzisha wizi: makundi yenye nguvu yatavamia yaliyo dhaifu. Weka jioni jua likishazama, usidondoshe hata tone, punguza mlango wa mzinga. Tia vijiti au majani makavu ya kuelea ndani ya chombo ili nyuki wasizame. Miguu ya kichanja isimame kwenye makopo ya oili chafu, kwa sababu siafu wakisikia utamu hawatauliza kama una thaimoli au huna.

Ni hatari kwangu?

Chembe na chupa ya akiba, ndiyo. Huunguza ngozi, na machoni ni balaa. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi penye hewa. Ikigusa ngozi, osha kwa maji mengi na sabuni. Ikiingia machoni, suuza dakika 15 na uende hospitali. Bandika jina kwenye chupa, usitumie chupa ya soda hata kwa siku moja, weka juu watoto wasipofika. Shira iliyokwisha changanywa haina ukali huo.

Chupa ya akiba hukaa muda gani? Na shira je?

Ya alkoholi, kwenye kioo cheusi kilichofungwa vizuri, hukaa muda mrefu. Usiiweke kwenye plastiki laini wala kizibo cha mpira, kwa kuwa vitu vya jamii hii hulainisha baadhi yake. Ukiona chembe zimerudi chini, alkoholi imeruka. Usiongeze kwa kubahatisha, tengeneza nyingine.

Shira yenye thaimoli, kwenye ndoo safi iliyofunikwa na kuwekwa kivulini, huvumilia wiki kadhaa. Ifungue unuse kila unapotaka kuitumia. Ikinuka togwa au ikitoa mapovu, imeshachacha, na kuongeza thaimoli sasa hakutairudisha.